Visiwa na Pwani za Ncha za Dunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hali Yake ya Hewa

Kitabu cha jiografia cha sekondari hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja: hali ya hewa ya nchani ni baridi kali, mvua kidogo, majira ya joto mafupi. Si uongo, ila ni sawa na kusema "Afrika Mashariki kuna joto" kisha ukafunga kitabu bila kumuuliza mtu wa Njombe wala wa Limuru. Wanafunzi wangu hawaridhiki na sentensi hiyo, na mimi pia. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, darasani na nje ya darasa. Vipimo vyote ni vya Selsiasi. Nikiandika -8 maana yake ni nyuzi 8 chini ya sifuri.

Aktiki na Antaktika si kitu kimoja tu, kimoja juu na kingine chini?

Hapana. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yanayofuata yanajijibu. Kaskazini, hata pale bahari inapoganda (maji ya chumvi huganda kwenye -1.8 hivi), chini ya barafu bado kuna maji, na joto lake huvuja kupitia nyufa. Kusini, katikati kuna bara lililobeba barafu yenye unene wa kilomita mbili hivi kwa wastani, kwa hiyo juu ya baridi ya latitudo unaongezewa baridi ya mwinuko. Kituo cha Vostok, ndani kabisa ya bara hilo, kilipima -89.2 tarehe 21 Julai 1983. Hakuna pwani ya nchani inayokaribia baridi hiyo, na kuanzia hapa sitaizungumzia tena.

Mbona miji miwili iliyo latitudo moja inatofautiana sana kwa baridi?

Hili ndilo swali lenyewe hasa. Chukua Reykjavik, Iceland, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Yote miwili iko latitudo 64 kaskazini. Januari, Reykjavik huwa karibu na sifuri, hali ambayo mtu aliyevaa koti zuri anaivumilia. Nuuk huwa karibu -8. Sasa panda juu zaidi. Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa vya Svalbard vya Norwei, uko latitudo 78. Siku hizi Januari yake ni karibu -11. Resolute, kijiji cha Wainuit katika visiwa vya Aktiki vya Kanada, kiko latitudo 74 na kitu, yaani kusini zaidi. Januari yake huzunguka -32. Aliye mbali zaidi na ncha ndiye anayeganda zaidi.

Sababu ni maji. Mkondo wa Ghuba unaotoka upande wa Mexico huvuka Atlantiki, ukapita pwani ya Norwei, na mkono wake mmoja ukapanda hadi ubavu wa magharibi wa Svalbard. Mkono mwingine, uitwao Irminger, huikumbatia Iceland. Ndiyo maana bandari ya Murmansk, Urusi, haifungwi na barafu ingawa iko karibu latitudo 69, ilhali maji ya Saint Petersburg, kusini kwake kwa mbali, huganda kila majira ya baridi.

Visiwa vya Kanada havina bahati hiyo. Milango ya bahari kati yake ni myembamba na imejaa barafu sehemu kubwa ya mwaka, wala hakuna maji ya uvuguvugu yanayofika. Bahari ikishaganda na kufunikwa na theluji, mbele ya hewa imeacha kuwa bahari. Inageuka uwanda wa nchi kavu, na visiwa vyote vile vinakuwa kama sehemu ya bara moja kubwa la baridi. Meli mbili za Mwingereza John Franklin zilizoondoka mwaka 1845 kutafuta njia kupitia milango hiyo zilinaswa kwenye barafu karibu na King William Island, na hakuna aliyerudi hai. Mabaki ya meli hizo yalipatikana chini ya maji mwaka 2014 na 2016.

Greenland ni kisiwa kimoja. Mbona pwani yake ya mashariki haina watu?

Watu wapo, ila wachache sana. Ittoqqortoormiit, mashariki, latitudo 70, ina wakazi mia tatu na ushee, na bahari yake hufungwa na barafu takriban miezi tisa kwa mwaka. Meli za mizigo hupata mlango wakati wa kiangazi tu.

Mashariki hupita mkondo unaoshuka kutoka Bahari ya Aktiki yenyewe, umebeba barafu vipande kwa vipande kama mto uliojaa magogo. Unashuka hadi ncha ya kusini ya kisiwa. Magharibi, mkondo unapanda kuelekea kaskazini ukiwa umechanganyika na maji ya Irminger yenye joto kidogo, kwa hiyo kuna mstari wa miji ambayo bandari zake hazifungi: Paamiut, Nuuk, Maniitsoq, Sisimiut. Wengi wa wakazi wa Greenland wanaishi upande huu.

Kinachonifurahisha zaidi ni mbwa. Upande wa magharibi, mbwa wa kuvuta sileji (vyombo vya kuteleza juu ya theluji) hufugwa kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki tu, na Sisimiut ndio mji wa kusini kabisa wenye mbwa hao. Mji huohuo ndio wa kaskazini kabisa kati ya bandari zisizoganda. Yaani mstari kati ya maisha ya mashua na maisha ya sileji unapita katikati ya mji mmoja, na unaweza kuusikia ukibweka. Wanaochora ramani za tabianchi kwa rangi wangefanya vizuri kuanza na mbwa.

Kama barafu ni tele, mbona panaitwa jangwa?

Kwa sababu barafu ni akiba, si mapato. Uwanja wa ndege wa Svalbard hupata takriban milimita 200 za mvua na theluji kwa mwaka, sawa na Lodwar kule Turkana. Eureka, kituo cha hali ya hewa katika visiwa vya Kanada, hupata chini ya milimita 100. Hewa baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Lakini kile kidogo kinachoanguka hakiyeyuki chote, kinarundikana karne kwa karne.

Usiliseme hili kuhusu kila pwani, hata hivyo. Kusini mashariki mwa Greenland, dhoruba kutoka Atlantiki hujigonga kwenye milima na kumwaga theluji nyingi ajabu. Ni kanuni ileile ya Usambara na Kilimanjaro: upande unaopokea upepo wa baharini unalowa, upande wa pili unabaki mkavu.

Ukungu wa Jan Mayen na Bjørnøya unatoka wapi?

Visiwa hivi viwili vya Norwei viko pale maji ya uvuguvugu na maji ya barafu yanapokutana. Kiangazi, hewa yenye unyevu kutoka kusini hupita juu ya maji baridi na kugeuka ukungu. Jan Mayen ina volkano ya mita 2,277 iitwayo Beerenberg, na kuna wanaofika kisiwani wakaondoka bila kuiona.

Ni kweli kuna upepo unaobomoa nyumba bila dhoruba yoyote?

Ni kweli, na ukitaka kuuelewa anza na kitu unachokijua. Mvuvi wa pwani yetu anayetweka tanga alfajiri kufuata umande, ule upepo wa bara, anaujua mdogo wake. Usiku nchi kavu hupoa, hewa iliyo juu yake inakuwa nzito, inateleza kuelekea baharini. Sasa badala ya kilima cha minazi weka uwanda wa barafu wenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, na badala ya usiku mmoja weka miezi ya giza. Hewa iliyopoa juu ya uwanda huo inaporomoka kama maji. Ikiingia kwenye bonde jembamba linaloelekea pwani, inabanwa na kuongeza kasi.

Watu wa mashariki mwa Greenland wanauita piteraq. Februari 1970 uliupiga mji wa Tasiilaq ukaharibu sehemu kubwa ya majengo, na tangu hapo wakazi hupewa tahadhari kila unapotarajiwa. Novaya Zemlya, visiwa viwili virefu vya Urusi vyenye safu ya milima katikati, ina upepo wake unaoitwa bora, unaotokea hewa baridi inapovuka mgongo wa milima na kuangukia pwani ya pili.

Lakini bingwa ni Antaktika. Douglas Mawson, mtafiti wa Australia, alijenga kambi Cape Denison mwaka 1912 kwa sababu siku aliyofika bahari ilikuwa shwari. Alikuja kugundua amejenga mdomoni mwa mfereji wa upepo. Wastani wa mwaka mzima, si wa dhoruba moja, ulizidi kilomita 70 kwa saa. Watu wake walijifunza kutembea wameinama mbele, na upepo ulipokatika ghafla walianguka kifudifudi.

Giza la miezi mingi ndilo linaloleta baridi?

Kwa sehemu. Longyearbyen jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, kisha kuanzia Aprili 20 hivi hadi karibu Agosti 23 halizami. Lakini mwezi wa baridi zaidi mara nyingi si Desemba, ni Februari au Machi, kwa kuwa bahari huchukua muda kutoa joto lake lote. Jua likirudi, nalo hurudi chini sana na theluji hulirudisha angani. Tena, mwanga si jambo la kuaminika huko. Waholanzi wa Willem Barentsz walionaswa Novaya Zemlya majira ya baridi ya 1596 na 1597 waliliona jua wiki mbili hivi kabla halijastahili kuchomoza. Wengi hawakuwaamini. Hewa baridi iliyolala juu ya barafu ilikuwa imeupinda mwanga, na leo mazigazi hayo yanaitwa kwa jina la visiwa hivyo.

Juu ya Kilimanjaro na Svalbard, wapi ni baridi zaidi?

Wanafunzi hulipenda hili, na jibu linawashangaza. Wastani wa mwaka juu ya Kibo ni karibu -7. Wastani wa uwanja wa ndege wa Svalbard kati ya 1961 na 1990 ulikuwa -6.7, kitu kilekile. Lakini wastani ni msema kweli anayeficha mengi. Kibo hubadilika kati ya mchana na usiku, na Januari yake haitofautiani sana na Julai. Svalbard mchana na usiku hazina maana kwa miezi. Kinachobadilika ni majira, kutoka nyuzi 7 hivi za Julai hadi chini kabisa wakati wa baridi. Mpanda mlima wetu hupitia kila usiku kile ambacho mkazi wa Longyearbyen hukipitia mara moja kwa mwaka.

Isitoshe, usawa huo umevunjika. Kwa miaka ya 1991 hadi 2020, wastani wa Svalbard umepanda hadi karibu -4.

Visiwa vya kusini, kama South Georgia, viko mbali na ncha. Kwa nini vihesabiwe?

Kwa sababu ya mstari usioonekana baharini. Kuzunguka Antaktika yote kuna mahali ambapo maji baridi ya kusini hukutana na maji ya kaskazini na kuzama chini yake. Meli ikivuka hapo, joto la maji hushuka nyuzi mbili tatu katika mwendo mfupi, na mara nyingi ukungu hutokea. Mabaharia wanauita Muunganiko wa Antaktika.

Falkland iko latitudo 51 na 52 kusini, nje ya mstari: kuna kondoo, nyasi, hakuna mto wa barafu hata mmoja. South Georgia iko 54, ndani ya mstari: zaidi ya nusu ya kisiwa imefunikwa na barafu, na mlima Paget unafika mita 2,935. Kwa kipimo cha latitudo, umbali wa South Georgia kutoka nchani ni karibu sawa na wa Hamburg, Ujerumani. Nenda kawaambie watu wa Hamburg wafuge ngwini.

Kisiwa chenyewe kina nyuso mbili. Pepo za magharibi hupiga ubavu wa kusini magharibi bila huruma. Kaskazini mashariki, nyuma ya milima, kuna ghuba tulivu, na ndiko wawinda nyangumi walikojenga vituo vyao vyote. Ernest Shackleton alilijua hilo kwa miguu. Mei 1916 mashua yake ilifika upande mbaya, na ili kupata msaada ilimbidi yeye na wenzake wawili wavuke milima ambayo hakuna aliyekuwa ameivuka, saa 36, hadi kituo cha Stromness upande mzuri.

Macquarie, kisiwa cha Australia, kina tabia nyingine kabisa: wastani wa nyuzi 5, tofauti kati ya kiangazi na baridi nyuzi 4 tu, na mvua au manyunyu zaidi ya siku 300 kwa mwaka. Si baridi ya kuua, ila ni baridi isiyokwisha. Mimi ningechagua Resolute.

Nilisoma kwamba Antaktika iliwahi kupata nyuzi 18. Inawezekanaje?

Iliwahi. Kituo cha Esperanza cha Argentina, kwenye ncha ya Rasi ya Antaktika, kilipima 18.3 tarehe 6 Februari 2020, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikithibitisha kipimo hicho. Rasi hii ni mkono mrefu wa milima unaonyooka kuelekea Amerika Kusini, ukikinga pepo za magharibi. Hewa inapopanda ubavu wa magharibi huacha unyevu wake huko kama theluji. Inaposhuka ubavu wa pili inakuwa kavu na kupata joto haraka. Kwa saa chache, pwani ya mashariki, ambayo kwa kawaida ndiyo baridi zaidi, inageuka kuwa yenye joto.

Upepo huo una matokeo. Huyeyusha uso wa tabaka za barafu zinazoelea pembeni mwa rasi, maji yanaingia nyufani na kuzipasua. Mapema mwaka 2002 tabaka la Larsen B lilivunjika katika wiki chache: kilomita za mraba 3,250 hivi, karibu mara mbili ya Unguja.

Sehemu zote hizi zinapata joto kwa kasi moja?

La, na hapa ndipo habari za redioni huchanganya watu. Tangu 1979 Aktiki imepata joto takriban mara nne ya kasi ya dunia kwa jumla, na sehemu za Bahari ya Barents, kati ya Svalbard na Novaya Zemlya, hata zaidi ya hapo. Barafu ya bahari ni nyeupe na hurudisha miale. Ikiondoka, maji meusi huinywa. Antaktika hadithi haijanyooka hivyo: rasi imepanda karibu nyuzi 3 tangu miaka ya 1950, ikatulia kidogo kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, ikaanza tena, ilhali mashariki mwa bara mabadiliko yamekuwa madogo.

Svalbard ndiko pa kutazama. Kati ya 1971 na 2017 visiwa hivyo vilipata ongezeko la nyuzi 3 hadi 5, kubwa zaidi majira ya baridi. Hori kubwa linalofika Longyearbyen linaitwa Isfjorden, yaani hori la barafu, na tangu 2006 limekuwa likishindwa kuganda kama zamani. Jina limebaki, barafu imeondoka. Mvua hunyesha katikati ya baridi, kisha inaganda juu ya ardhi, na kulungu wa huko wanakwaruza kwa kwato wasifikie malisho. Julai 25, 2020 walipima nyuzi 21.7. Hata hifadhi ya mbegu za dunia, iliyofunguliwa 2008 ndani ya mlima kwa sababu ardhi yake imeganda daima, iliingiwa na maji kwenye njia ya kuingilia mwaka 2016. Mbegu hazikuguswa, zikiwemo kunde zilizoletwa na IITA, kituo cha utafiti wa kilimo cha kitropiki cha Nigeria, lakini njia ile ilibidi ijengwe upya.

Barafu hiyo ikiyeyuka, bahari yetu itapanda?

Barafu inayoelea haiongezi kitu cha maana. Weka kipande kwenye glasi uone. Ya nchi kavu ndiyo inayoongeza, na Greenland ina ya kutosha kupandisha bahari zote mita 7 ikiisha yote. Ila kuna jambo ambalo watu hawalitarajii. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba huyavuta maji ya bahari yaliyo jirani. Ikipungua, mvuto unapungua, maji yanaondoka. Na ardhi yenyewe, ikitua mzigo, inainuka. Kwa hiyo mvuvi wa Nuuk huenda akaona maji yakirudi nyuma wakati yule wa Nungwi anaona yakiingia shambani.

Naweza kwenda kwa pasipoti ya Afrika Mashariki?

Svalbard yenyewe haidai viza ya mtu yeyote. Kasoro ni kwamba ndege hupitia Norwei, kwa hiyo utahitaji viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), tena ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukifika Svalbard umeshatoka Schengen na unaporudi unaingia upya.

Na kama siwezi kwenda, kuna chochote cha huko ninachoweza kukiona hapa?

Nenda Mida Creek, karibu na Watamu, maji yakiwa yametoka. Wale chokowe wadogo wanaochokora tope kwa midomo iliyopinda, wengi wao wametagwa kwenye tundra (uwanda wa baridi usio na miti) ya Taimyr, pwani ya Aktiki ya Urusi. Kule huishi panya wadogo waitwao lemingi, ambao huongezeka sana mwaka mmoja na kuadimika mwingine. Wakiwa wengi, mbweha hushiba wao. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda ya chokowe. Ndege wazima huanza kufika kwetu kuanzia Agosti, na vijana huwafuata baadaye. Ikifika Novemba ukatazama kundi zima, ukakuta karibu wote ni wakubwa, ujue kiangazi kilichopita Taimyr hakukuwa na lemingi.